Juisi ya majani ya mpapai, shangazi yangu na ile karatasi ya maabara

Siku ya nne ya homa ya dengi ndo shangazi alitokea na brenda yake. Yaani alikuja nayo kwenye mfuko kabisa kwa sababu eti ya kwangu haisagi vizuri, na mfuko wa pili una majani ya mpapai yamefungwa kwenye gazeti, bado yana umande. Mimi hapo nimelala chali, macho yanauma hata nikiyageuza tu (aliyewahi kuugua dengi anayajua haya maumivu ya nyuma ya macho, kama kuna mtu yuko ndani anasukuma kwa dole gumba), viungo vimetwangwa, na pembeni ya kitanda kuna karatasi ya maabara imeandikwa chembe sahani 84,000, wakati kawaida mtu anakuwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 hivi kwa kila tone dogo wanalopima.

Chembe sahani ni zile chembechembe za damu zinazokimbilia kuziba panapovuja. Virusi vya dengi vinazishusha, na ukoo ukishasikia tu neno "zimeshuka" basi hakuna anayelala, kila mtu ana dawa.

Shangazi akasaga, akachuja kwa kitambaa, akaminya mpaka vidole vikawa kijani, akanipa nusu kikombe. "Meza, usionje." Nikaonja. Jamani ule uchungu sijui niufananishe na nini, unakaa nyuma ya ulimi hata ukinywa maji unarudi tena kukusalimia. Nikanywa siku ya nne, ya tano, ya sita. Na kila asubuhi nikachomwa sindano ya kupima damu kwa hiyo namba ninazo: siku ya tano 61,000, siku ya sita 47,000, siku ya saba 58,000, siku ya nane 96,000, siku ya kumi 170,000. Shangazi akaipiga picha ile karatasi ya mwisho akaifowadi kwa ukoo mzima, MAJANI YA MPAPAI SIKU TATU TU, herufi kubwa zote. Na mimi sikupinga, maana kama wiki mbili hivi nilikuwa naamini kabisa, kwanini nisiamini, nilikuwa naumwa nikanywa kitu nikapona.

Kilichonigeuza ni upande wa pili wa karatasi. Nilikuwa napanga makaratasi nikaikuta ile ya siku ya tatu, siku moja kabla ya brenda, nikaigeuza nikaona mwandiko wa dokta kwa kalamu ya bluu: "zitashuka hadi siku ya 6–7, zitapanda zenyewe, maji mengi, parasetamoli tu". Nilisahau kabisa kama aliandika. Yaani dokta aliyeniona dakika kumi alitabiri kila kitu kilichokuja kutokea bila kujua kama kuna shangazi wala mpapai.

Nikakaa chini. Sasa hizi namba ni za nani?

Ukisoma kuhusu dengi unakuta ndivyo ugonjwa wenyewe unavyotembea. Homa kali siku mbili mpaka saba, alafu homa inashuka, na karibu na hapo chembe sahani zinafika chini kabisa, hapo kuna kipindi cha hatari cha saa 24 mpaka 48 ambacho mishipa midogo inaweza kuanza kuvujisha maji ya damu, alafu kwa walio wengi mwili unajirekebisha na chembe zinapanda haraka. Wengi wanaoambukizwa hata hawaumwi, kama watatu kati ya wanne hawapati dalili yoyote, na kati ya wanaoumwa ni kama mmoja kwa ishirini anayefikia hali mbaya. Kwa hiyo ukiwachukua wagonjwa mia wa dengi ukawapa maji ya bomba, wengi mno watapona na watakuja kutoa ushuhuda wa maji ya bomba. Na watu huwa hawaanzi dawa siku ya kwanza, wanaanza wakishaona hali inakuwa mbaya, yaani siku ya nne ya tano, pale pale ambapo ugonjwa umebakiza siku mbili tatu ugeuke wenyewe. Jani lolote utakalolianza siku hiyo litaonekana bingwa.

Nikampigia shangazi. Nikamuuliza kwa adabu, shangazi, kama juisi ndo ilipandisha zile chembe siku ya nane, siku ya tano na ya sita ambapo nilikuwa nakunywa na zikashuka karibu nusu ilikuwa ni nini? Hakusita hata kidogo. "Ilikuwa inasafisha kwanza."

Unaona hapo. Zikipanda ni dawa inafanya kazi, zikishuka ni dawa inasafisha. Hakuna namba ambayo maabara ingeweza kuandika ikamfanya shangazi aseme haijafanya kazi. Tangu siku hiyo hilo ndo swali langu la kwanza kwa mtu yeyote anayeniuzia habari ya dawa, iwe ya jani au ya kidonge: ni kitu gani kikitokea utakubali kwamba haijasaidia? Asipokuwa na jibu tunabadilisha mada.

(Kidogo pembeni. Hili jina dengi kuna wanaosema limetoka kwetu, kwenye Kiswahili cha zamani, kidingapopo au kidinga pepo, ile homa inayokushika ghafla kama umepandwa na pepo. Wataalamu wa maneno bado wanavutana kama ni kweli ila mimi nimeshalichukua, nikikumbuka ile siku ya pili nilivyokuwa natetemeka nasema aliyelitunga alikuwa anaumwa.)

Sasa msidhani nimekuja kucheka majani, sicheki. Mpapai umefanyiwa utafiti wa kweli. Malaysia walichukua wagonjwa 228 wa dengi wakawagawa kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa matibabu ya kawaida peke yake na lingine matibabu ya kawaida pamoja na juisi ya gramu 50 za majani mabichi kila siku kwa siku tatu, ikachapishwa 2013. Kundi la juisi chembe zao zilipanda zaidi, tofauti ikaonekana kwenye saa 40 na saa 48. Hiyo ndo inayofowadiwa kila mahali. Kisichofowadiwa ni kwamba kila mtu alijua nani anakunywa juisi na nani hanywi, hapakuwa na juisi bandia ya kulinganisha (na sijui ungeipataje, uchungu ule hauigiziki), na kilichopimwa ni idadi ya chembe, sio nani alivuja damu, nani alizidiwa, nani alikufa.

Na hapa ndo nilipojifunza kitu kilichonishangaza kuliko vyote. Singapore na Malaysia walifanya jaribio lingine likachapishwa 2017, wagonjwa 372 watu wazima ambao chembe zao zilikuwa zimeshuka hadi 20,000 au chini ya hapo, nusu wakaongezewa chembe sahani zenyewe kwenye mshipa, chembe halisi kutoka kwa wachangia damu, nusu hawakuongezewa. Kutokwa damu hakukutofautiana kwa maana yoyote, na walioongezewa ndo waliopata madhara zaidi, mzio na mengineyo. Fikiria basi. Kama kumwagia mtu chembe zenyewe moja kwa moja kwenye damu hakumzuii kuvuja, sasa sisi tunashangilia juisi iliyopandisha namba tunashangilia nini hasa? Namba kwenye karatasi sio mgonjwa. Kinachoua kwenye dengi zaidi ni ule uvujaji wa maji kutoka kwenye mishipa, presha inaanguka, na tiba yake ni maji kwa kipimo na mtu wa kukuangalia, kazi ya kuchosha isiyopendeza kupigwa picha.

Nilivyomwambia shangazi akasema, kwa hiyo haidhuru? Nikasema kwa wengi labda haidhuru, kutapika kutapika tu. Akasema basi tatizo lako nini.

Tatizo langu ni siku ya tano. Siku ya tano homa ilishuka. Nyumba nzima ikashangilia, nikaambiwa sasa umepona, oga, usirudi tena kuchomwa sindano za bure, juisi imeshinda. Na siku ile homa inaposhuka ndo mlango wa kipindi cha hatari unafunguliwa, ndo siku ya kuangalia kama tumbo linauma sana, kama unatapika mfululizo, fizi zinatoa damu, unalegea au unahangaika bila sababu. Nilirudi kupima kwa sababu tu dokta alinitisha. Angekuwa mpole kidogo ningebaki kitandani na kikombe changu cha kijani. Na kitu kingine, kwenye zile meseji za dawa ya mpapai kuna nyingine zinaongezea eti changanya na aspirini ya kutuliza viungo. Aspirini! Ibuprofeni nayo ni hivyo hivyo, kwenye dengi hizo mbili zinakatazwa kwa sababu zinaongeza hatari ya kutokwa damu, ni parasetamoli tu na nayo kwa kipimo.

Malaria ni kesi nyingine kabisa na watu wanazichanganya kwa sababu zote ni homa na zote ni mbu. Hata mbu sio mmoja. Wa dengi, Aedes, anauma mchana mchana, wa malaria ni Anofelesi wa usiku. Dengi ni virusi, malaria ni vimelea vinavyoingia kwenye ini alafu kwenye chembe nyekundu za damu na kuzipasua kwa mzunguko, ndo maana homa yake inapanda na kushuka, ile ya falsiparamu (aina ya kimelea cha malaria) ikishajipanga ni kama kila saa 48. Ukinywa kikombe chako homa ikiwa juu, kesho iko chini, umepona si ndio? Kesho kutwa inarudi unasema ni malaria mpya. Na mtu mzima aliyekulia penye malaria nyingi mwili wake una kinga ya nusu, anaweza kupata nafuu vimelea bado vimo, mtoto wake wa miaka miwili hana kinga hiyo hata kidogo na anapewa kikombe kile kile kwa sababu baba kilimsaidia.

Lakini hapa kwenye malaria wapenda majani wana hoja nzito na huwa naikubali mapema kabla hawajaitoa: dawa mbili kubwa za malaria zimetoka kwenye mimea. Kwinini ilitolewa kwenye gome la mti wa sinkona wa Amerika Kusini, Wafaransa wawili Pelletier na Caventou wakaitenga 1820. Na artemisinini imetoka kwenye pakanga, ile Artemisia annua, kazi ya Tu Youyou wa China aliyepata Nobel 2015.

Tatizo stori ya Tu Youyou watu wanaisimulia nusu. Wanasema ona, mitishamba ya kale ilikuwa na jibu siku zote. Ilikuwa nalo ndio, ila limejificha. Mradi wao ulianza 1967, vikapitiwa vitabu vya kale na mapishi mengi mno, mimea mingi ikajaribiwa kwa panya na mingi ikaanguka. Pakanga yenyewe ilikuwa inayumba, leo inafanya kazi kesho haifanyi. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akakuta pameandikwa loweka kiganja cha mmea kwenye maji, kamua, kunywa. Hakuna neno chemsha. Akahisi labda moto ndo unaua dawa, akabadilisha akaanza kutoa dawa kwa etha, kimiminika ambacho kinachemka kwenye nyuzi 35 tu, na Oktoba 1971 ule mchujo wa sampuli namba 191 ukafuta vimelea vyote kwa panya. Alafu akaunywa yeye mwenyewe na wenzake kabla hajampa mgonjwa. Kwa hiyo mtu akiniambia babu zetu walijua, namuuliza yapi kati ya yale yote walijua, maana kwenye kitabu kimoja jani sahihi limekaa jirani na majani mengi yasiyosaidia na yote yameandikwa kwa uhakika ule ule.

Na chai ya pakanga? Imejaribiwa pia. Kongo, wagonjwa 132, chai ikalinganishwa na kwinini, ikachapishwa 2004. Kwa wastani asilimia 74 ya waliokunywa chai walisafika kwa muda mfupi, kwinini asilimia 91. Mtu atasema 74 sio mbaya. Shida wengi wa kundi la chai vimelea viliwarudia wiki zilizofuata. Chai haikuwa bure, ilikuwa nusu dawa, na nusu dawa ndo mbaya kwa sababu inakutuliza unalala na adui ndani. Artemisinini haidumu kwenye mwili, saa chache imeisha, ndo maana vidonge vinaitwa dawa mseto, imefungwa na mwenzake anayebaki kumalizia kazi. Na jani halina lebo, la shamba hili lina dawa kidogo la shamba lile lina nyingi, hujui leo umekunywa kiasi gani. Kuna ule utafiti mwingine mkubwa uliosema chai imeishinda dawa mseto, ulizunguka sana, huo jarida lenyewe liliuondoa baadaye, ila kwenye magrupu haujaondolewa mpaka leo.

Ninaoupenda mimi ni wa Mali, maana wale hawakuanza na maabara wala dharau. Walienda kwenye kaya wakauliza, mtoto alipougua malaria mlimpa jani gani, na baada ya hapo alikuwaje? Sio jani gani mnaliamini, hapana, mgonjwa alikuwaje. Mmea mmoja wa miiba wenye maua ya njano, Argemone mexicana, ukajitokeza mbele. Wakautengenezea kipimo, alafu wakaupambanisha na dawa mseto kwa wagonjwa 301, matokeo 2010: asilimia 89 ya waliokunywa ule mmea hawakuhitaji dawa ya pili, upande wa dawa mseto 95. Nilivyosoma nikasimama kidogo. Jani la porini limepewa nafasi ya kushindwa hadharani na halikushindwa vibaya. Mimi hilo jani nalipa heshima kuliko lolote linalosifiwa kwa herufi kubwa. Ila huo huo mmea mbegu zake zina mafuta yenye sumu, 1998 kule Delhi yalichanganyika kwenye mafuta ya haradali ya kupikia watu wakavimba miguu, moyo ukachoka, makumi wakafa. Mmea mmoja, jani na mbegu. Kwa hiyo ile sentensi ya "ni asili haina madhara" naomba mtu aende akaisome mbele ya watu wa Delhi.

Mwarobaini nao usinianzie. Jina lenyewe linajisifia magonjwa arobaini, kwenye chupa za maabara unaua vimelea vizuri tu (hata sabuni inaua, kwenye chupa), kwa binadamu mwenye malaria ushahidi ni mwembamba sana, na mafuta yake yameripotiwa kuwapa watoto wadogo degedege baada ya kunyweshwa.

Sasa mi nafanyaje. Homa yoyote kwangu inaanza na kipimo, tone la damu kidoleni na robo saa ya kusubiri, kwa sababu bila kujua jina la ugonjwa hata ushuhuda wa kupona hauna maana, umepona nini? Nusu ya "malaria sugu iliyopona kwa majani" huenda haikuwahi kuwa malaria. Ikishajulikana ni nini, dawa yake kwanza, dozi yote mpaka mwisho. Baada ya hapo mtu akitaka kikombe chake cha uchungu kwa ajili ya moyo wake, amwambie dokta anachokunywa, anywe, sina ugomvi naye.

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu akapata homa usiku. Asubuhi shangazi huyo mlangoni, safari hii hana brenda, kasaga huko huko kwake, chupa imejaa kijani mpaka kizibo. Nikasema shangazi tupime kwanza. Akanyamaza, akambeba mtoto yeye mwenyewe, tukaenda. Malaria. Akapewa dawa mseto, dozi ya kwanza akaitapika ikarudiwa, siku ya tatu anakimbia nyuma ya mpira.

Shangazi alipoona karatasi imeandikwa malaria na sio dengi akaniuliza pole pole, kama mtu aliyeleta zawadi ya harusi kwenye msiba, "Hii sasa nimwage?" Nikamwambia aache. Iko kwenye friji mpaka leo nyuma ya maji. Jana nimeionja.